PAMPU HAIZIBWI NA SHETANI

Kila yanapofurika maji machafu njiani, husikika maneno ya namna mbili. Wakubwa husema wananchi ni wachafu, nao wananchi husema pampu ni mbovu. Kisha huletwa fundi, akaipandisha pampu, akatoa tambara, akairudisha shimoni, na watu wakaendelea kwenda msikitini kwa kurukaruka juu ya mawe. Baada ya wiki tatu mambo huwa yale yale. Sisi twaona kwamba maneno yote mawili yana chembe ya kweli, lakini hakuna hata moja linalotosha. Na madhali jambo hili lagusa twahara ya watu wetu, afya ya watoto wetu na fedha ya kodi zetu, halifai kuachiwa fundi peke yake.

Haya twayaandika kutoka Rungwa, mkoa wa Singida, mbali kabisa na bahari, katika njia itokayo Itigi kwenda Chunya, ambako, kama ilivyo kila pembe ya Bara, hakosi mtu wa Visiwani mwenye duka. Msomaji atauliza: Rungwa na pampu za maji machafu ni wapi na wapi? Kweli yake. Huku hakuna mabomba ya maji machafu. Watu hutumia vyoo vya shimo, na shimo likijaa huchimbwa jingine, kwani ardhi ni pana, na jirani yetu ni pori la akiba la Rungwa, ambalo mwaka 1964 lilimegwa upande mmoja likapatikana eneo la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Shimo halina umeme wala mapanga, basi halizibwi na tambara. Lakini ardhi ya Unguja si ardhi ya Rungwa. Mjini nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, chini yake ni jiwe la matumbawe lenye matundu kama chujio, na maji tunayokunywa hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Kisiwani mtu hana pa kuhamishia shimo lake. Kadiri mji unavyokua, na majumba yanavyopanda ghorofa juu ya ghorofa, na mahoteli yanavyojipanga pwani ya Nungwi, Kendwa na Paje, ndivyo tunavyozidi kutegemea mashine iliyozama ndani ya uchafu, gizani, mahali ambapo hakuna apendaye kuchungulia.

Wazee wetu waliujua uzito wa jambo hili. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliletea mji maji ya bomba kutoka chemchemi za kaskazini, na hakuyaleta kwa fahari tupu. Mji ulikuwa umetoka katika msiba wa kipindupindu cha 1869 na 1870, ambacho Dk. James Christie, tabibu aliyekaa Unguja wakati ule, alikieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1876. Maji safi yakaja. Kuondoka kwa maji machafu likawa jambo jingine. Mji Mkongwe ukachimbiwa mifereji wakati wa ukoloni, na mifereji hiyo ikaelekezwa baharini, na bahari ikapokea bila ya kuulizwa. Kipindupindu kilirudi tena mwaka 1978, kikaanzia katika kijiji cha wavuvi, na kimekuwa kikirejea mara kwa mara. Mlipuko wa 2015 na 2016 wengi wetu twaukumbuka bado. Hatusemi kwamba kila mgonjwa aliuguzwa na pampu. Twasema kwamba maji yanayofurika kutoka chemba iliyoziba hutafuta njia ya kwenda, na katika jiwe la matumbawe njia ya kwenda kisimani ni fupi.

Sasa na tuitazame mashine yenyewe, kwani mtu hawezi kuhojiana na wakubwa juu ya kitu asichokijua. Pampu ya kuzama ni mota ya umeme iliyofungwa isiingie maji, na chini yake kuna gurudumu lenye mapanga, ambalo mafundi huliita impela. Yote pamoja hukaa ndani ya karo la pampu, yamefunikwa na maji machafu, na maji hayo ndiyo yanayoipoza mota. Maji yakipanda, boya hunyanyuka na kuiwasha; yakishuka, boya huinama na kuizima. Pampu ya kisima kirefu, ambayo hata huku Rungwa inajulikana, nayo huzama, lakini undugu wao ni wa jina tu. Ile ya kisimani ni nyembamba, na mapanga yake yamebanana kwa sababu yanyanyua maji safi. Ukiitia karoni haitamaliza siku. Pampu ya maji machafu yapaswa kuwa na koo pana, ipitishe kile ilichopewa.

Wataalamu wa dunia wameshughulika na koo hilo zaidi ya miaka mia. Huko New Orleans, mji wa Marekani ulio chini kama sahani, mhandisi Baldwin Wood alitengeneza mwaka 1915 pampu ya kupitishia taka bila ya kuziba, na katika miaka ya 1950 kampuni ya Flygt ya Sweden ikatoa pampu ya kuzama kwa ajili ya maji machafu. Basi kuziba si maradhi mapya wala si maradhi yasiyo na dawa.

Nini huiziba? Watu wengi hudhani ni kitu kigumu, jiwe au kopo. Vitu hivyo vimo, na mchanga wa pwani pia umo, nao husaga mapanga polepole kama tupa. Lakini adui mkubwa ni kitu laini na kirefu. Msomaji aliyewahi kuwatazama kina mama wakisokota kamba za usumba atafahamu mara moja. Nyuzi moja moja ya makumbi haina nguvu. Ikilazwa juu ya nyenziwe na kuzungushwa, hupatikana kamba ya kufungia jahazi. Ndani ya karo, pampu hufanya kazi ile ile ya kusokota usiku na mchana. Huja kitambaa cha kupangusia, yale majani laini yenye manukato yauzwayo katika pakiti. Huja pedi, huja pampasi ya mtoto, nywele, kamba ya kiroba. Kimoja hujipinda katika ncha ya panga, cha pili humshika mwenziwe, na baada ya siku chache gurudumu limevaa kilemba. Yale majani yenye manukato hasa yana hadaa, kwa sababu hufanana na karatasi ya chooni, lakini karatasi hulegea majini ikavunjika, nayo hayavunjiki.

Kisha kuna mafuta. Mafuta ya kukaangia na samli humwagwa yakiwa moto, yakateremka vizuri, na yakifika kwenye baridi ya bomba huganda. Mafuta huwa saruji na matambara huwa kokoto. Mwaka 2017 London ilikuta katika mfereji wake wa Whitechapel gogo la mafuta na matambara lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Waungwana wa London wana kila mtambo, na bado walitumia wiki nyingi kulivunja. Katika karo letu mafuta hayo hutanda juu kama utando wa maziwa, yakalinasa boya. Na boya lililonaswa ama haliwashi pampu mpaka maji yamefika njiani, ama haliizimi mpaka imeungua kwa kukosa maji ya kuipoza. Fundi akija husema mota imeungua. Kweli imeungua, lakini aliyeiunguza ni kikaango. Na kwetu tusisahau machicha ya nazi, ambayo kila jikoni humwagwa kana kwamba si kitu.

Hapo ndipo penye hoja yetu kubwa: pampu haizibi kwa ghafla. Hutoa ishara siku nyingi kabla, nasi twaamini kwamba mafuriko mengi yaliyoitwa ajali yalikuwa yameandikwa mapema, ila hakukuwa na msomaji. Ishara ya kwanza ni saa za kazi. Kila pampu ya maana ina saa inayohesabu muda iliofanya kazi. Iliyokuwa ikifanya saa 4 kwa siku ikianza kufanya saa 6, na mvua haikunyesha wala mji haukuongezeka watu, basi kitu kimo kooni. Panapokuwa na pampu mbili zinazopokezana, jambo ni jepesi zaidi, kwani moja huwa shahidi wa mwenziwe. Zikitofautiana sana kwa saa au kwa muda wa kulishusha karo, ile inayochelewa ndiyo mgonjwa.

Ishara ya pili ni umeme inaoula. Kila pampu ina kibao kilichoandikwa ampea zake. Tambara likilibana gurudumu, ampea hupanda, mota hupata joto, na swichi ya ulinzi hujikata. Fundi mvivu huirudisha swichi kwa kidole na kwenda zake. Mvivu zaidi huilegeza isijikate tena, na huo ndio mwanzo wa kuinunua pampu mpya. Lakini tujue pia kinyume chake, ambacho wengi hawakijui: mdomo wa pampu ukizibwa, au bomba la kutolea likizibwa, ampea mara nyingi hushuka, kwa sababu pampu inazunguka bila ya kunyanyua maji mengi. Basi mtu asitulie kwa kuona umeme umepungua. Haukupungua kwa baraka.

Ishara ya tatu ni sauti na mtetemo, kwani gurudumu lililovaa kilemba upande mmoja huyumba, na bomba la juu hutetemeka; hiyo hata mlinzi asiyejua kusoma huweza kuisikia, akiambiwa asikilize.

Na iko hesabu ambayo mtu yeyote mwenye saa ya mkononi aweza kuifanya. Tuseme karo lina mita 2 kwa mita 2. Kila mita 1 ya kina ni lita 4,000. Pampu iliyouzwa kwa ahadi ya lita 10 kwa kila sekunde yapasa kuyashusha maji mita 1 kwa sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40, maji yaingiayo yakiwa yamefungwa. Ikichukua dakika 10, imebakiwa na chini ya lita 7. Theluthi ya kazi yake imepotea, na sisi twalipia umeme wake wote. Hesabu hii haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji fimbo yenye alama, saa, daftari na mtu mwaminifu.

Insafu yatulazimisha kuongeza kwamba si kila uvivu wa pampu ni kuziba. Nyaya tatu za umeme zikiunganishwa kinyume, gurudumu huzunguka nyuma mbele, pampu ikanguruma na kutoa maji kidogo. Ukibadilisha nyaya mbili imepona. Vali ya kuzuia maji yasirudi ikikwama wazi, maji yaliyopandishwa hurejea karoni na pampu huwaka na kuzima kama taa ya gari. Hewa ikinaswa ndani, gurudumu hupiga hewa. Fundi anayeanza kwa kupandisha pampu kabla ya kuyatazama haya amejipa kazi ya bure, na bili yake tunaijua inakwenda wapi.

Kinga huanza siku ya kununua, na hapa hatuwasemehi wenye mamlaka popote walipo, Visiwani au Bara. Zabuni hutazama bei, na bei ya chini aghalabu ni koo jembamba. Pampu yenye tundu la milimita 40, ambalo ni upana wa yai la kuku, haifai kupokea maji ya mtaa. Kwa kazi hiyo huhitajiwa tundu la milimita 80 hivi. Ziko impela zilizorudi nyuma ya njia ya maji, zikafanya kimbunga, na taka ikapita bila ya kuyagusa mapanga. Hizo hula umeme zaidi lakini hazizibi upesi. Ziko zenye visu vya kukata matambara, nazo ni nzuri maadamu visu vinanolewa, na mchanga wetu huvitia butu. Ziko zilizochongwa zijisafishe zenyewe kila mzunguko. Kila moja ina mahali pake, na mnunuzi awe na jawabu akiulizwa kwa nini amechagua hii. Hata sakafu ya karo ina neno: ikiwa tambarare, uchafu hukaa pembeni ukaoza, ikiwa imeinamishwa sana kuelekea pampu, uchafu huteremka na kwenda. Na maji ndani ya bomba yasipokwenda angalau sentimita 70 kwa sekunde, mchanga hutua njiani. Wako wanaozitia pampu vidhibiti vya kupunguza mwendo ili kuokoa umeme. Ni sawa kwa maji safi, lakini katika maji machafu pampu inayokwenda pole husokota kamba vizuri zaidi. Vidhibiti vingine vya siku hizi huisimamisha pampu, vikaizungusha kinyume kidogo ili itapike tambara. Jambo zuri, ila liulizwe kwanza kwa mtengenezaji, kwani impela iliyokazwa kwa skrubu huweza kufunguka ikigeuzwa.

Kinga ya pili ni majumbani. Visiwa vyetu vilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kabla ya Bara kufanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, basi hatuwezi kusema kwamba watu wetu hawaagiziki. Wala desturi yetu ya asili si ya matambara. Tulilelewa kwa istinjaa ya maji, na kopo au birika lilikuwa chooni kabla ya hizo pakiti za manukato kufika dukani. Mwenye kutaka kuzitumia na azitumie, lakini chooni pawe na kapu lenye kifuniko, na kapu hilo lichukuliwe na gari la taka kwa siku zake. Hapa ndipo wakubwa wanaposhindwa na hoja yao wenyewe: huwezi kumlaumu mama kwa kutupa pampasi chooni ikiwa gari la taka halijapita mtaani kwake mwezi mzima. Wenzetu wenye maduka nao wana sehemu yao. Neno moja kwa mteja wakati wa kumfungia pakiti halimpunguzii mtu faida.

Kuna jambo moja hatutaki lipite kwa haraka. Pampu ikiziba, hutafutwa kijana wa kuteremka karoni kwa malipo ya siku moja. Ndani ya karo mna hewa ya sumu itokayo katika uchafu unaooza. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imeondoka. Huanguka pale pale. Nduguye humfuata kumwokoa, naye huanguka juu yake. Pampu yapaswa kuwa na mnyororo na reli ya kuipandisha juu bila ya mtu kuingia, umeme ukatwe na kufungwa kwa kufuli kabla ya mkono wowote kuigusa, na asiteremke mtu bila ya hewa kupimwa, na kamba kiunoni, na wenziwe juu. Chama kinachodai haki za watu hakiwezi kunyamaza kwa kijana anayeuawa na tambara.

Na sasa twasema na wenzetu wenyewe. Wako miongoni mwetu wanaofurahi chemba zikifurika, wakasema: acha wanuke, kura zitakuja. Hatuwaungi mkono hata kidogo. Maji yale hayamuulizi mtu kadi yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii maji yaliyo chini ya qullatain, ambayo ni takriban lita 200, hunajisika kwa kuguswa tu na najisi; ndoo ya mama wa chama chetu na ndoo ya mama wa chama chao zote ni chini ya kipimo hicho. Upinzani wetu na uwe wa kudai daftari, na daftari ni kitu ambacho hakuna kiongozi aliyezoea kuulizwa. Kufungua mtambo kuna utepe na mkasi na hotuba. Kuandika saa za pampu kila asubuhi hakuna hotuba, wala hakuna mgeni rasmi.

Basi twataka kila kituo cha pampu kiwe na daftari lake la saa na ampea, na mwananchi aruhusiwe kulisoma. Twataka pampu ya akiba iwepo ghalani kabla ya ile iliyomo kuungua, pamoja na vipuri, na fundi wa hapa hapa aliyefundishwa kuvifunga. Twataka fedha ya utunzaji iandikwe katika bajeti kwa jina lake, isifichwe ndani ya fungu la mengineyo, na zabuni itaje upana wa tundu na aina ya impela, ili wawakilishi wetu wawe na la kuuliza barazani.

Kwa upande wetu, wanachama walio katika shehia zenye chemba zinazofurika na waanze sasa kuandika. Iandikwe siku, saa, mahali, mvua ilikuwapo au haikuwapo, na bahari ilikuwa imejaa au imekupwa, hasa wakati wa bamvua, kwani kufurika kwa maji kujaa kuna sababu yake mbali na kufurika kwa pampu. Karatasi hizo zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi, na nakala ibaki kwa mwandishi.